Picha Moja kwa Siku: Tunapomtazama Mtoto Akicheza



Mwaka jana, Ramadhani ilipokwisha, sisi na mama watoto tuliwekeana ahadi: kila siku tumpige kijana wetu picha moja akiwa mchezoni. Si picha ya Idi, yenye kanzu mpya na kofia iliyopigwa pasi; hizo kila nyumba inazo. Tulitaka picha za Jumanne ya kawaida: akipika mchanga katika vifuu vya nazi, akivuta kigari cha kopo chenye magurudumu ya kandambili kuukuu, akizungumza na mbuzi wa jirani. Alikuwa ametimiza miaka minne. Na kazi ya ukatibu wa msikiti, waliowahi kuishika wanaijua: vikao baada ya Isha, hesabu za michango, barua za ndoa na za mazishi. Tulikuwa tukitoka tunamwacha amelala, tukirudi tunamkuta amelala. Picha ilikuwa hila ya kujilazimisha kuketi barazani walau dakika 10 kabla ya Magharibi.

Sharti la picha moja hatukulibuni sisi. Mmarekani Jamie Livingston alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja ya Polaroid kila siku, akaendelea mpaka siku aliyofariki, tarehe 25 Oktoba 1997. Zikakusanyika zaidi ya 6,000. Kamera ile hutoa picha papo hapo, na kila karatasi ina gharama yake, hivyo mpigaji hufikiri kabla ya kubonyeza. Simu zetu hazitufunzi adabu hiyo. Wiki ya kwanza tulijikuta na picha 40 za alasiri moja, na mchezo wenyewe hatukuuona.

Watakuwapo watakaouliza hukumu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akiijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba huko ni kukizuia kivuli, si kuumba. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliikataza ila kwa dharura. Sisi tumeshika kauli ya kwanza, na tunamheshimu aliyeshika ya pili.

Ama kuhusu mchezo wa mtoto, tunayo mafunzo ya wazi. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imo habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Mtume (S.A.W.) alipofika kwao alimuuliza habari za kijindege chake. Hebu tuzingatie: mtu anayeteremshiwa wahyi, mwenye kupokea wajumbe na kuongoza majeshi, anafuatilia hali ya kijindege cha mtoto! Na sisi hisabati ya mabati ya madrasa ilitutosha kuwa udhuru.

Sasa tueleze kosa letu, maana ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Alasiri moja ya Muharram tulimkuta amepanga kandambili za nyumba nzima katika safu mbili, za wakubwa mbele, za watoto nyuma. Taulo kalizungusha kichwani kuwa kilemba. Akageuka, akazikagua safu, akairudisha kandambili moja iliyotangulia wenzake, kisha akauelekea ukuta na kutoa takbira. Akakohoa kikohozi kile kile cha imamu wetu. Tukapiga picha, na laiti tungeishia hapo. Tulirekodi na video, na kwa furaha tukaipeleka katika kundi la kamati, lenye watu tisa.

Kabla ya Isha, shangazi yake aliyeko Muheza alikwisha kuipokea kutoka kwa mtu ambaye hata sisi hatumjui.

Ijumaa tukaenda naye msikitini. Penye mabomba ya kutawadhia watu wazima wakamwita "Imamu wa Kandambili", na mmoja akamtaka akohoe kidogo. Hawakukusudia ubaya. Imamu mwenyewe alicheka, akampa mkono. Lakini mtoto alijificha nyuma yetu, akakaa kimya hadi swala ikaisha. Njiani akauliza: "Baba, nani aliwaambia?"

Tulimjibu ukweli, tukamtaka radhi. Mama yake alisema usiku ule kwamba tumeingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, tena tukaita na wapita njia. Hatukuwa na la kujibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya nchi hii inazihesabu taarifa za mtoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Sisi tulikuwa tumezigawa kama kashata.

Picha hatukuziacha, ila tumezifunga kwa masharti. Hatumwiti jina ili atazame kamera. Akisikia jina lake, mchezo umekwisha na linabaki tabasamu la kuazima. Tunaketi chini, macho yawe usawa wa macho yake. Akiwa hana nguo, simu haitoki mfukoni. Picha haiendi katika kundi lolote, hata la ukoo. Kila mwisho wa mwezi tunazisafisha chache kwa mpiga picha wa mtaani, na nyuma ya kila moja mama yake anaandika tarehe ya Hijria na ya Miladia, na neno alilosema mtoto siku hiyo. Yeye mwenyewe anazichagua. Akisema "hii sitaki", tunaifuta mbele yake, hata kama ndiyo tuliyoipenda.

Siku hizi ni fundi baiskeli. Tunazo picha zake akiwa kifudifudi chini ya kiti, na msumari mdomoni, jambo ambalo lilimletea maneno kutoka kwa bibi yake. Mchezo wa msikiti hajaucheza tena. Tunapoandika haya ni Jumada al-Ula, na kandambili zipo mlangoni, kila mtu na zake.