Watuulize mbele ya kuchora mipaka



Kuna aina moja ya mkutano ambayo wengi wetu tunaijua. Gari inafika saa nne, watu wanaandika majina kwa liste, mgeni anafungua ramani kubwa juu ya meza na kusema Kifaransa, mwingine anatafsiri kwa kifupi. Tunapewa Fanta na pesa ya njia, basi. Nyuma ya miezi kadhaa tunasikia kwamba wakaaji walikubali hifadhi. Walikubali wapi? Ile sahihi ilionyesha tu kwamba tulikuwa pale.

Tunaongea juu ya hiyo kwa sababu koperative zetu nyingi ziko kandokando ya msitu. Huko ndiko tunatoa kuni, viyoga, asali, dawa ya mizizi, na maji ya mabonde tunamolima. Hakuna mkulima anayetaka msitu uishe. Ugomvi unakuja pale mtu anapochora mstari bila kujua unapita juu ya shamba la nani.

Tuangalie Kivu ya Kusini. Mwaka 1970 mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa ikiwa na hekta 60.000. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka hekta 600.000, mara kumi, na wenyeji hawakuulizwa. Wabatwa waliofukuzwa kule juu na wakulima wa kandokando wangali na kesi ya mipaka mpaka leo.

Itombwe ilianza vilevile. Tarehe 11 mwezi wa kumi 2006, karatasi ya waziri iliunda hifadhi katika milima ya Mwenga, Fizi na Uvira. Watu wakajikuta ndani ya hifadhi pamoja na vijiji, mashamba na makaburi ya wazee wao. Wakakataa. Hapo ndipo kazi ilipoanza upya: kutembea kijiji kwa kijiji, kuchora ramani na wenyeji, kupatana wapi patalindwa kabisa na wapi watu wataendelea kulima. Mipaka mipya ikatiwa sahihi na gavana wa provensi mwaka 2016. Hesabuni: miaka kumi kasoro. Wenye haraka wanasema kuuliza watu kunachelewesha kazi. Itombwe inaonyesha ni nini inachelewesha.

Na sheria iko. Sheria namba 14/003 ya mwezi wa pili 2014, juu ya ulinzi wa viumbe, inataka wakaaji waulizwe mbele ya hifadhi kuundwa. Chefu wa lokalite akiambiwa kwamba kuulizwa ni zawadi ya shirika, ajibu kwamba ni haki.

Sasa, tujitayarishe namna gani? Sisi tunaona ramani ndiyo kazi ya kwanza, na isingoje wageni. Chukueni fimbo, mchore chini: mto, chemchemi, mashamba, yale yanayopumzika pia. Hayo ya kupumzika ndiyo yanapotea sana, kwa sababu mgeni akiona majani marefu anaandika "msitu". Ninyi mnajua kwamba mwaka kesho mtarudi kupanda muhogo pale. Kisha mtembee mpaka wenyewe kwa miguu, pamoja na kijiji jirani, maana mpaka wa watu wawili hauchorwi na mmoja. Wachukueni wachungaji wa mbuzi. Hakuna anayewaalika kwenye mkutano, lakini wanajua chemchemi zote.

Mama waende pia, na si kwa kupika tu. Baba atasema msituni tunatoa mbao. Mama atataja kuni, viyoga, majani ya dawa na mahali pa kuloweka muhogo. Mkikusanya baba peke yao, nusu ya msitu haitaonekana kwa ramani. Wabatwa nao wakae ndani ya duara, wasiwekwe mlangoni, na waseme wa kwanza siku moja moja. Tena mkatae mkutano uliowekwa siku ya soko au wakati wa kupanda msimu A. Wenye jembe hawatakuja.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: kuomba msitu wenu wenyewe. Dekre namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu inaoushika kwa desturi, mpaka hekta 50.000. Ombi linapelekwa kwa gavana. Msitu huo unatolewa bure na hauna mwaka wa mwisho. Jamii ndiyo inausimamia, kwa mkutano wa wote, komite ya usimamizi, komite ya kuchunguza na baraza la wazee. Lakini tusidanganyane: komite ikishikwa na familia moja, msitu utauzwa kwa wenye kupasua mbao, karatasi ya gavana ikiwa bado mpya. Juu ya hiyo, tunashauri ile komite ya kuchunguza ichaguliwe kwanza, na mweka hazina wa koperative asiingie ndani.

Siku ya mkutano wenyewe, PV isomwe kwa sauti katika lugha ya kijiji mbele ya mtu kutia sahihi. Mambo mliyokataa yaandikwe sawa na yale mliyokubali. Nakala moja ibaki kwa koperative siku ileile, hata ikiwa ni ya mkono.