Kuona Mji na Kuonana na Ndugu



Twasikia mara nyingi habari za watu waendao kutembea London, au Paris, au Roma, wakati wa joto la Ulaya. Huenda wao na wake zao na watoto wao kwa siku nne au tano tu, kusudi waione miji hiyo mashuhuri, kisha hurudi makwao. Nasi husema moyoni, "Heri yao." Sisi tukaao Mtoni, katika Temeke, hatuna nauli ya London. Lakini ng'ambo ya maji, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti iendayo kasi, uko mji ambao watu wa London wenyewe huja kuutazama, nao ni mji wa Unguja. Katika likizo ya shule, mwezi wa Juni, tulikwenda huko siku tatu, sisi na mama watoto na watoto wetu watatu. Twataka kuwaeleza tuliyoyaona, na jambo moja ambalo nusura tulikose.

Safari hii haikuja kwa ghafula. Muda wa miezi 14 tulikuwa tukiweka akiba katika kopo, na watoto walijua ya kuwa siku ya chai isiyo na sukari ni siku ya kopo. Hawakunung'unika, bali kila jioni walilitikisa wasikie limejaa kiasi gani. Twawashauri wenye nyumba wafanye hivi, maana mtoto aliyechangia safari huitazama safari hiyo kwa macho mawili, na aliyebebwa tu husinzia njiani.

Usiku wa kuamkia safari mama watoto alituuliza, "Na kaka yenu je? Tutafika mjini kwake tusimwone?" Hatukumjibu, tukajifanya twafunga mizigo.

Lazima tuseme kweli. Kaka yetu mkubwa, wa tumbo moja nasi, anakaa Ng'ambo ya mji wa Unguja tangu zamani. Yeye yu katika dini ya baba yetu, nasi tulibatizwa tungali vijana. Lakini si dini iliyotutenga, kwa kuwa miaka mingi tulikula sikukuu pamoja, za kwake na za kwetu. Kilichotutenga ni kiwanja. Siku ya arobaini ya marehemu baba, pale pale Mtoni, yalizuka maneno juu ya kiwanja chake, nasi tulimwambia kaka mbele ya watu ya kuwa aliyehama hana fungu. Aliondoka siku ile ile bila kula. Tangu hapo imepita miaka 9. Yeye hakuleta salamu, wala sisi hatukupeleka. Na katika miaka hiyo yote sisi ndio tuliofundisha watoto wa watu habari za kusamehe na kusamehewa.

Basi tuliondoka alfajiri kwa daladala, kwa barabara ya Kilwa, hata bandarini. Boti ilipotoka mlangoni, Kigamboni mkono wa kuume na mji mkono wa kushoto, upepo wa kusi ulitupokea kwa mawimbi, na mtoto wetu wa pili akatapika. Lakini tulipokaribia Unguja alisahau yote, maana aliona mji mweupe umesimama juu ya maji, akauliza kama ndio ule wa kwenye picha za kitabu.

Siku ya kwanza tulitembea Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika hesabu ya urithi wa dunia nzima. Tulipita katika vichochoro ambamo watu wawili wakikutana hulazimika kupishana kwa mabega. Tulitazama milango ya mbao iliyochongwa, tukatazama Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno. Karibu nayo tuliona Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883. Tuliwaambia watoto ya kuwa tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hili ilianguka, watu wawili wakafa, wakalitazama kwa hofu na heshima.

Kutoka hapo tulikwenda Mkunazini, penye kanisa kuu la Kristo. Zamani mahali hapa palikuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Seyyid Barghash, akisukumwa na Waingereza na manowari zao, aliweka mkono katika mkataba wa kulifunga soko hilo. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi wa kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa humo humo, nyuma ya altare. Upo pia msalaba wa mti uliotoka Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone. Na husimuliwa ya kuwa Seyyid Barghash alimwomba Askofu asiuinue mnara wa kanisa kuliko jumba lake. Askofu alipokubali, Seyyid akalipa kanisa saa ya mnarani. Watoto walipendezwa sana na habari hii, ya mtu wa dini moja kuwapa saa watu wa dini nyingine.

Siku ya pili tulipanda daladala kwenda kaskazini ya mji, kutazama magofu ya jumba la zamani ufukweni. Kondakta alipoita, "Mtoni! Mtoni!" mtoto wetu wa kike alishtuka. "Baba, Mtoni kama kwetu?" Tukamwambia, "Naam, jina ni moja, lakini Mtoni hii ilikuwa ya wafalme."

Hapo Mtoni alikaa Seyyid Said bin Sultan, na hapo mwaka 1844 alizaliwa binti yake Salme. Tuliketi juu ya mawe chini ya kivuli, tukawasimulia watoto habari zake kama alivyoziandika mwenyewe katika kitabu kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1886.

Salme alijifundisha kuandika kwa siri, wakati ambapo wasichana hawakufundishwa kazi hiyo. Baba yao alipokufa mwaka 1856, Majid alitawala Unguja. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumnyang'anya ufalme, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa upande wa Barghash. Kalamu yake ndiyo iliyoandika barua zao za siri. Mambo yakaharibika, Barghash akapelekwa Bombay. Salme alibaki, na baadaye akapatana na Majid. Barghash aliporudi alimchukia kwa kupatana huko.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, kwa ajili ya mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Alibatizwa Aden tarehe 30 Mei 1867, akaitwa Emily, akaolewa siku ile ile, wakaenda kukaa Hamburg. Miaka mitatu tu ikapita, mumewe akakanyagwa na gari la relini mjini, akafa, akamwacha mjane mwenye watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Mwaka ule ule wa 1870 Majid naye alikufa, na Barghash akapata ufalme.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash alikwenda Ulaya. Alifika London mwezi wa Juni, wakati wa joto lao, akakaribishwa kwa fahari, akamwona Malkia Victoria, akaonyeshwa maajabu ya mji ule. Katibu wake aliandika kitabu kizima cha Kiarabu juu ya yote waliyoyaona. Wala hakurudi mikono mitupu, maana yeye ndiye aliyewaletea watu wa mji wa Unguja maji safi kwa mabomba, na Beit al-Ajaib ikajengwa baada ya safari hiyo.

Emily aliposikia ya kuwa kaka yake anakwenda London, alijifunza Kiingereza kwa haraka, akawaacha wanawe Ujerumani, akavuka bahari. Alitaka mambo mawili, kupatana na kaka yake, na kupata haki yake katika urithi. Lakini Waingereza hawakutaka mgeni wao asumbuliwe. Bwana Bartle Frere, aliyekuwa amekwenda Unguja mwaka 1873 kwa habari ya ule mkataba wa watumwa, alimwendea, akamwambia achague. Akiacha kumwona kaka yake, serikali itawaangalia watoto wake. Yule mama akawafikiri wanawe, akakubali. Baadaye ahadi ile ikakataliwa, kwa hoja ya kuwa yeye amekwisha kuwa Mjerumani. Akarudi Ujerumani bila ahadi, na bila kumwona kaka yake.

Tulipofika hapo mtoto wetu wa kike aliuliza, "Walikuwa London siku zile zile?"

"Siku zile zile."

"Mji mmoja?"

"Mji mmoja."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kaka yake aliona kila kitu, ila dada yake." Akamtazama mama yake. Mama watoto hakusema neno. Aliokota kijiwe, akakitupa ufukweni.

Tuliwamalizia hadithi upesi. Mwaka 1885 Emily alikuja Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Barghash alikuwa ndani ya jumba lake, dada yake baharini mbele ya madirisha, asimkaribishe. Alipokuja tena mwaka 1888, kaka yake alikuwa amekwisha kufa mwezi wa Machi. Yeye alikufa Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na katika vitu vyake kulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja.

Wasomaji, tulikuwa tumewafundisha watoto, kumbe watoto ndio waliotufundisha. Tulijiona tumekaa juu ya mawe ya watu waliokufa, na ndugu yetu aliye hai yu karibu nasi. Tukainuka. Hatukurudi Forodhani kula pweza kama tulivyowaahidi watoto, wala hawakudai.

Tulishuka Darajani. Zamani hapo palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulikwisha kujazwa udongo, na leo mtu hupita kwa miguu asijue ya kuwa palikuwa na maji. Sisi tulipita tukijua.

Kaka alikuwa ameketi barazani. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Tulimwamkia, "Shikamoo, kaka." Hakuitika mara moja, bali aliwatazama watoto. Yule wa kike akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, baba mkubwa." Hapo akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akatuitikia na sisi. Akamwita mkewe, akasema, "Shemeji yako huyu na wanawe. Weka chai."

Tulikunywa chai kwa maandazi. Tulimwambia ya kuwa neno la siku ile lilikuwa neno baya, na ya kuwa tulilisema mbele ya watu, basi twaliondoa mbele ya mkewe na wake zetu na watoto. Alinyamaza sana. Kisha alisema, "Habari za kiwanja hazisemwi mbele ya watoto." Tukadhani ametukataa. Lakini baada ya kitambo aliuliza, "Kaburi la baba linafagiliwa?" Tukamwambia linafagiliwa. Akasema, "Vema," akajaza vikombe tena.

Siku ya tatu, wakati wa kuondoka, alikuja bandarini na kikapu cha machungwa. Alisema labda atavuka kabla ya mvua za vuli. Mpaka twaandika haya hajavuka. Nasi tumempelekea barua, kwamba kiwanja kikapimwe mbele ya wazee wa Mtoni, na fungu lake liandikwe jina lake, akija au asipokuja. Hatujapata jibu, lakini barua yetu haikurudishwa.

Basi twawashauri hivi wenye nyumba na walimu wenzetu. Mkijaliwa kwenda kutazama mji, uwe wa karibu kama Unguja au wa mbali kama London, wekeni akiba mapema, na wasimulieni watoto habari za mahali kabla hawajafika. Na kabla ya kuuliza katika mji ule kuna nini, ulizeni kuna nani. Majumba yatawangoja, na hata likianguka moja huweza kujengwa tena. Ndugu hawangoji hivyo.

Kopo letu limeanza kutikiswa tena. Watoto wanasema safari hii ni nauli ya baba mkubwa, asije akakosa ya kuvukia.

Kwa herini.