Cheti cha Daktari kwa Hewa Baridi Bwenini

Askari anayeugua hajipi mwenyewe ruhusa ya kukosa gwaride. Huripoti kwa daktari wa kikosi, akapimwa, akaandikiwa cheti. Na cheti hicho ndicho humsemea mbele ya mkubwa wake. Utaratibu unaofanana na huo hutumika katika vyuo vikuu vya Marekani, pale mwanafunzi mgonjwa anapohitaji mashine ya kupoza hewa katika chumba chake cha bweni. Jambo hilo huonekana dogo, hata la anasa. Lakini kwa baadhi ya vijana, hewa ya chumba ndiyo inayoamua kama watakaa darasani au watalazwa hospitali.

MAJUMBA YALIYOJENGWA KWA BARIDI

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, mabweni mengi ya zamani yalijengwa ili kupambana na baridi wala si joto. Hata hivyo, masomo huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati jua la kiangazi bado ni kali, na vyumba vya ghorofa za juu huhifadhi joto usiku kucha.

Vyuo vingi hukataza mwanafunzi kuja na mashine yake mwenyewe, wala katazo hilo halitokani na roho mbaya. Nyaya za umeme za majumba hayo hazikuwekwa kwa ajili ya mzigo wa mashine moja katika kila chumba. Zikizidiwa, umeme hukatika au moto huweza kuzuka. Tena mashine ya dirishani isiyofungwa barabara yaweza kumwangukia mpita njia.

Yafaa kukumbuka kwamba mashine yenyewe haikuanza kama chombo cha starehe. Mhandisi Willis Carrier alipoibuni mwaka 1902, alikusudia kuzuia unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn. Ikiwa karatasi ilistahili kulindwa, mgonjwa anastahili zaidi.

JOTO HUMDHURU NANI?

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho halikauki upesi. Na hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, feni hupuliza joto lile lile. Mwenye afya huvumilia. Lakini wako watu waliozaliwa na upungufu wa tezi za jasho, na wako wanaotumia dawa ambazo hupunguza jasho.

Wako pia wenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao multiple sclerosis. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza mwaka 1890 jinsi macho ya wagonjwa hao yalivyofifia baada ya mazoezi ya mwili. Leo inajulikana kwamba joto la mwili likipanda hata nusu digrii, mishipa iliyokwisha kudhurika huweza kushindwa kupeleka habari, na mgonjwa akalegea miguu au akaona ukungu mpaka atakapopoa.

Kwa jamaa za Afrika ya Mashariki na Kongo, ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa wa seli mundu, jambo hili lina uzito wa pekee. Joto humkausha mgonjwa maji mwilini, na ukavu huo huweza kuleta maumivu makali. Walakini baridi ya ghafula nayo huweza kumletea maumivu hayo hayo. Kwa hiyo daktari wake hana budi kutaja kiasi cha joto kinachomfaa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na maradhi ya kudumu yanayozuia kazi muhimu za mwili huhesabiwa humo. Inamlinda kila astahiliye aliye ndani ya Marekani, hata mwanafunzi mgeni. Kanuni zake zilicheleweshwa mpaka Aprili 1977, walemavu walipokalia jengo la serikali huko San Francisco kwa zaidi ya majuma matatu. Zikatiwa sahihi tarehe 28 ya mwezi huo. Sheria pana zaidi ikafuata mwaka 1990. Na mwaka 2013 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Nebraska iliamua kwamba makazi ya wanafunzi nayo yanahusika na sheria ya haki ya makazi.

BARUA ILIYO KAMILI

Mwanafunzi hujaza fomu katika ofisi ya chuo inayoshughulikia wenye ulemavu, akaambatanisha barua ya daktari anayemtibu. Barua inayosema tu kwamba hewa baridi itamfaa kijana huyu haina nguvu, kwa maana hewa baridi humfaa kila mtu. Barua iliyo kamili hueleza mambo manne: ni ugonjwa gani na utaendelea kwa muda gani, joto humfanya nini mgonjwa, kwa nini feni haitoshi, na madhara gani yatafuata asipopewa.

Ombi lipelekwe mapema, kabla vyumba havijagawanywa. Likikubaliwa, chuo chaweza kumfungia mashine au kumhamishia jengo lenye hewa baridi. Si lazima apate chumba akipendacho. Kanuni haziruhusu kumtoza ada ya ziada ili kulipia hatua hizo za lazima. Likikataliwa, aulize sababu kwa maandishi, alete maelezo zaidi ya daktari, kisha akate rufani chuoni. Malalamiko kwa ofisi ya haki za raia ya Wizara ya Elimu hupaswa kufikishwa ndani ya siku 180.

KAZI YA MZAZI

Katika shule za watoto za Marekani, shule yenyewe hutakiwa kumtafuta mtoto mwenye shida. Chuoni mambo hugeuka: mwanafunzi ndiye asemaye, na cheo cha baba hakimwombei. Kwa hiyo kazi ya mzazi ni ya mapema. Amfundishe mtoto jina la ugonjwa wake, dawa zake na dalili zake; amwekee nakala za vyeti vya hospitali, na zile zisizo za Kiingereza zitafsiriwe kabla ya safari.

Wapo vijana wanaoona haya kutaja maradhi yao ugenini, wakidhani wataonekana dhaifu. Wazee walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye kusema mapema, akiwa na barua mkononi, haombi upendeleo. Anaomba nafasi ya kusoma sawa na wenzake.