Kioo Kipi Kwenye Antena?

Sikilizeni, wanangu. Kuna mhandisi mwenye antena ya redio: nyaya mbili zilizonyooka wima, moja juu, nyingine chini yake, jumla mita 1.5, urefu unaofaa masafa ya megahezi 100 za FM. Anataka kujua uga wa umeme na wa sumaku umekaaje kuizunguka. Kompyuta hulikata eneo lote vijichumba, ikakokotoa kimoja kimoja, njia aliyoionyesha Kane Yee mwaka 1966. Sanduku la mita 2 kila upande, likikatwa kwa sentimita moja, lina vijichumba 8,000,000. Feni inalia, chai inapoa.

Mhandisi anaitazama tena antena yake. Juu sawa na chini, kulia sawa na kushoto, mbele sawa na nyuma. Analipasua sanduku mara tatu, anabaki na sehemu moja ya nane: vijichumba 1,000,000. Kila alipopasua anaweka ukuta unaofanya kazi ya kioo.

Kioo kipi, sasa? Hapa wengi huteleza. Shikeni kalamu mbele ya kioo. Ikiwa sambamba nacho, taswira yake inaelekea kule kule. Mkikielekezea ncha, taswira inawaelekezea ninyi ncha.

Mkondo ukipanda kwenye waya wa juu, hupanda pia kwenye ule wa chini. Kioo cha kawaida kingeushusha ule wa chini. Kwa hiyo katikati tunaweka ukuta wa umeme, ambao hugeuza pia alama ya chaji: chanya ikipanda, taswira yake ni hasi inayoshuka, na hasi kushuka ni mkondo kupanda! Mimi hapo hufurahi kila mara. Ile mipasuo miwili ya wima inayopita kwenye waya hutaka ukuta wa sumaku, unaoutendea mkondo kama kioo cha kawaida. Pale mishale ya uga wa umeme hulala ukutani, ya sumaku huutoboa.

Mkibadilisha ule ukuta wa katikati uwe wa sumaku, kompyuta hainung'uniki. Itakokotoa antena nyingine kabisa, yenye mkondo unaopanda juu na kushuka chini, isiyorusha wimbi lolote kwenye usawa wa katikati, pale pale antena yetu inaporusha kwa nguvu kuliko kote.

Kwa hiyo fuateni mkondo kwa kidole kwanza, ndipo mpasue. Mkisimika mlingoti wa chuma upande mmoja, kioo kinachotenganisha upande huo na wa pili hakifai tena. Na mkipima nguvu inayotoka, zidisheni kwa 8.