Mrehani wa Kikuba cha Harusi

Kikuba, yaani kishada kidogo cha maua na majani yenye harufu nzuri ambacho wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki hukivaa katika harusi, kwa kawaida hutiwa mrehani, mmea ambao, tofauti na asmini inayopandwa kwa vipandikizi, huoteshwa kwa mbegu na kuwa tayari baada ya wiki 8 hivi. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kuliko ufuta, na zikilowa hujivika ute. Hunyunyizwa juu ya udongo laini na kufunikwa kidogo tu, kwani zikifukiwa chini sana huota kwa shida. Miche ikifikia sentimita 15, ncha hukatwa ili shina litoe matawi, kazi ambayo wengi huionea uchungu ingawa ndiyo inayozidisha majani. Familia yenye busara husia mbegu mara mbili, kwa kupishana wiki 2, maana tarehe za harusi husogezwa. Mrehani huchumwa asubuhi, umande ukishakauka, lakini matumba ya asmini, yaani maua ambayo hayajafunguka, huchumwa alasiri, yakashonwa yangali yamefumba, nayo hufunguka usiku yakiwa tayari kifuani mwa mvaaji.