Mwendo Hauletwi na Ukubwa wa Injini

Yako maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia, ama barazani, ama gatini, ama katika kikao cha kamati: chombo hiki hakiendi, na dawa yake ni kukitia injini kubwa zaidi. Maneno hayo ni mepesi kutamkwa, na aghalabu huitikiwa kwa vichwa bila ya kuulizwa. Leo tunapenda kuyatia katika mizani. Mfano wetu tumeuchukua mahali ambapo wengi hawakutaraji, nao ni kwa mafundi wa Marekani na Ufaransa wanaojenga ndege ndogo kwa mikono yao wenyewe, katika mabanda ya nyumba zao.

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa visiwani na ndege za kujengwa uani, wapi na wapi? Tunamwomba astahamili. Mtu anayejenga ndege kwa fedha yake hana hazina ya serikali nyuma yake. Kila lita ya mafuta huitoa mfukoni mwake, na kosa lake huenda akalilipa kwa roho yake. Mtu wa namna hiyo hujifunza upesi kipi kiletacho mwendo na kipi kilicho israfu.

Tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Hewa haionekani, lakini ukinzani wake ni mkubwa. Ndege ikiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka takriban mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka takriban mara nane. Kwa hivyo mwenye ndege ya nguvu za farasi 100 akitia injini ya farasi 200, hatapata mwendo maradufu. Atapata nyongeza ya asilimia 26 hivi, na hapo hatujahesabu uzito wa injini mpya wala mafuta itakayokunywa. Lakini akipunguza ukinzani kwa robo, huku injini ikiwa ni ile ile, mwendo utazidi kwa karibu asilimia 10 bila ya mafuta kuongezeka kwa saa.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwaka 1992, huko California, fundi mmoja aitwaye Mike Arnold aliirusha ndege ya kiti kimoja aliyoibuni na kuijenga mwenyewe, iitwayo AR-5. Injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 65, na magurudumu yake hayakunjwi. Ndege hiyo ilifikia mwendo wa kilomita 343 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia katika daraja la ndege zenye uzito usiozidi kilo 300. Tuilinganishe na Cessna 150, ndege ya kiwandani ya viti viwili ambayo imewafundisha marubani wengi duniani. Hiyo ina injini ya nguvu za farasi 100, na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 200 kwa saa. Ni kweli kwamba mbili hizo zilijengwa kwa kazi mbalimbali, na moja ni kubwa kuliko nyingine. Hata hivyo, tofauti hiyo yatosha kutuonyesha kwamba siri haikuwa katika injini.

Ilikuwa wapi basi? Ilikuwa katika mambo madogo madogo ambayo mtu mwenye haraka huyapuuza. Mafundi hawa huyavika magurudumu vifuniko vyenye umbo la tone la maji. Pembe ambapo bawa huungana na kiwiliwili huizungushia umbo laini ili hewa isivurugike. Huziba nyufa baina ya bawa na vibawa vya kuongozea. Hupiga msasa na kulainisha sehemu ya mbele ya bawa, maana hata wadudu waliogandamana hapo huweza kupunguza mwendo. Huichunguza pia njia ya hewa inayopoza injini, wapi inaingia na wapi inatoka, kwani hewa inayoingia kwa wingi kupita haja huwa mzigo unaoburutwa. Kisha huitazama rafadha: iliyokatwa kwa ajili ya kupanda upesi haifai kwa safari ndefu, na iliyokatwa kwa ajili ya mbio hupanda kwa shida.

Jambo la kuigwa zaidi ni namna wanavyopima. Hubandika vipande vifupi vya uzi juu ya bawa na kutazama angani vipi vinalala sawasawa na vipi vinacheza, wakajua hewa inapovurugika. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Huruka kwenda na kurudi, ili upepo usije ukawadanganya. Kisha huandika. Asiyeandika hana ushahidi, na hujisifu kwa mwendo ambao huenda ulikuwa wa upepo wa tanga mbili.

Wazee wetu wasingeyastaajabia haya. Nahodha aliyeona jahazi lake limekuwa zito hakukimbilia kuongeza tanga. Alilipweleza maji yakikupwa, akaliparura makombe na majani ya bahari, akalitia kalafati, akalipaka deheni chini na sifa juu, ndipo akatweka. Ukinzani wa maji na ukinzani wa hewa ni ndugu. Lakini leo tunaziona mashua zenye mashine za kisasa, huku chini zimeota bustani, na mwenyewe akilalamika kwamba mafuta ni ghali. Mafuta ni ghali kweli, lakini sehemu ya gharama hiyo ameiotesha mwenyewe.

Hata hivyo, tungekuwa tumemdanganya msomaji kama tungeusifu mwendo tukanyamaza juu ya hatari yake. Kila ndege ina mwendo usioruhusiwa kupitwa, nao huonyeshwa kwa mstari mwekundu katika saa ya mwendo. Mstari huo hausogei kwa sababu mwenye ndege amelainisha mabawa au ametia injini kubwa. Ukipitwa, kibawa cha kuongozea huweza kuanza kutikisika kwa kasi, na mtikisiko huo huweza kuivunja ndege kwa muda wa sekunde chache. Hata rangi nzito iliyopakwa nyuma ya bawaba ya kibawa huweza kuharibu mizani yake na kuleta balaa hiyo. Kwa hivyo fundi mwenye akili, kabla ya kuongeza mwendo, hujiuliza kwanza chombo chake kimejengwa kustahamili mwendo gani.

Hapa ndipo tunapowageukia viongozi na maofisa wa serikali. Huko Marekani, serikali haikuwakataza wananchi kujenga ndege, wala haikuwaachia kila mtu afanye apendavyo. Chama chao cha wajenzi, kilichoanzishwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953, huwafundisha mafundi wapya. Ndege iliyokamilika hukaguliwa kabla ya kuruka, kisha kwa kawaida hutakiwa ijaribiwe kwa saa 25 au 40 katika eneo maalumu kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Fundi hupewa nafasi yake, na sheria hupewa heshima yake.

Sisi wa visiwani tunaijua thamani ya jambo hilo kuliko wengi. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na msiba ukaingia katika nyumba zisizohesabika. Kiwango cha shehena ni mstari mwekundu kama ule wa ndege. Mwenye kuuvuka akasalimika mara kumi hajathibitisha kwamba mstari ni wa uongo.

Kwa hayo, twapenda kuwakumbusha wananchi na viongozi mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuomba fedha za injini kubwa, na aulizwe mwombaji: chini ya chombo pamesafishwa lini, na rafadha yake imepimwa na nani? Pili, skuli zetu za ufundi ziwafundishe vijana kupima na kuandika, si kufungua na kufunga nati peke yake. Tatu, mkaguzi asionekane adui wa maendeleo, naye asiyafumbie macho makosa kwa kuoneana haya. Haya ni kazi ya msasa, daftari na uaminifu, na gharama yake ni ndogo kuliko ya injini moja mpya.