Pikapu, karavani na stika ya mlangoni

Fungua mlango wa dereva wa pikapu mpya inayouzwa Marekani, uiname kidogo, utazame kwenye nguzo ya mlango. Utaona stika ndogo yenye rangi ya njano. Inasema uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi kilo kadhaa, halafu namba hiyohiyo inarudiwa kwa pauni. Muuzaji hatakuonesha. Atakuonesha skrini, viti vya ngozi na ile namba kubwa ya kipeperushi, uzito ambao gari linaweza kuvuta. Lakini kwa familia inayotaka kufunga karavani nyuma na kwenda kupiga kambi, namba yenye uamuzi ni ile ya mlangoni, na wengi huisoma wakiwa wameshasaini mkopo.

Karavani nyingi za Marekani huundwa kaskazini mwa Indiana, katika kaunti ya Elkhart na maeneo ya jirani. Soko limeshikwa na makampuni makubwa matatu: Thor Industries, ambayo inamiliki Airstream, Keystone na Jayco, Forest River, iliyonunuliwa na Berkshire Hathaway mwaka 2005, na Winnebago Industries. Wakati wa korona, watu walipoogopa ndege na hoteli, viwanda vilikesha. Mwaka 2021 vilipeleka sokoni zaidi ya karavani na nyumba za magurudumu 600,000, idadi isiyowahi kufikiwa. Kufikia 2023 zilikuwa takriban 313,000. Riba ilikuwa imepanda, na kitu kinachonunuliwa kwa mkopo wa miaka 15 au 20 huiogopa riba kuliko mvua.

Upande wa pili wa biashara hii ni pikapu. Ford F-Series imeongoza mauzo ya pikapu nchini humo tangu 1977, na bei ya wastani ya pikapu kubwa mpya sasa inapita dola 60,000. Basi familia moja hununua vitu viwili vya gharama kubwa kutoka yadi mbili tofauti. Wa karavani hajui umenunua gari gani. Wa gari hajui utafunga nini nyuma. Kila mmoja anauza nusu ya msafara, na hakuna anayewajibika kwa ile sehemu ambapo nusu hizo zinaungana.

Namba ya kipeperushi ina historia yake. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia kilivyotaka, kikajitangazia ushindi. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari cha SAE kilitoa kanuni iitwayo J2807. Toyota ndiyo iliyotangulia kuifuata, kwa Tundra ya 2011; makampuni ya Detroit yalikuja kuikubali kwa mapana karibu na matoleo ya 2015. Sehemu ngumu ya jaribio hilo ni kupanda mlima karibu na bwawa la Davis, Arizona, kilomita 18 hivi za mwinuko kwenye joto la jangwani, kiyoyozi kikiwa wazi hadi mwisho, na gari lenye tela halitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio la haki, nami nalisifu. Injini, giaboksi, breki na upoozaji vyote vinapimwa kweli.

Ila ndani ya gari hilo wanahesabiwa watu wawili tu, kila mmoja kilo 68. Hakuna watoto, baiskeli, jiko la mkaa wala mbwa. Ukiongeza hao, namba ya kipeperushi inaanza kuyeyuka.

Sababu iko kwenye kile chuma cha mbele ya tela ambacho Wamarekani hukiita ulimi. Tela la kuvutwa kwa kulabu linatakiwa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. Likiegemeza pungufu, halitulii: upepo kidogo, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia, na mkia huo una nguvu ya kulipindua gari. Kwa hiyo usijaribu kuudanganya ulimi kwa kusukuma mizigo nyuma ya tela. Uzito wa ulimi lazima uwepo, na ukishakaa kwenye kulabu unahesabiwa kama mzigo ndani ya gari, sawa na magunia ya mchele.

Nitatumia hesabu ya nyumbani kwetu. Stika ya pikapu yetu inasema kilo 690. Kipeperushi chake kinasema inavuta karibu kilo 5,000. Tela tulilonunua lilikuwa na uzito wa juu wa kilo 3,450, kwa hiyo tulijiona tuko mbali na hatari. Sasa hesabu. Asilimia 13 ya tela ni kilo 448. Kulabu yenye vyuma vya kugawa uzito, kilo 45. Mimi na mke wangu kilo 165, watoto watatu kilo 100. Jumla 758. Tumeshazidi kilo 68, na hakuna aliyepakia hata chupa ya maji.

Sikuijua hesabu hiyo tulipoondoka Indiana kwenda kaskazini mwa Michigan. Aliyetuuzia tela alisema pikapu yoyote ya daraja la nusu tani, kama yetu, ingelivuta, na niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Giza lilipoingia nikawasha taa. "Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "mbona taa zinamulika matawi?" Kweli, lami ilikuwa nyeusi na majani ya miti yaling'aa. Gari lilikuwa limekaa chini nyuma, pua imeinuka. Kisha semitrela likatupita. Upepo wake ulitusukuma pembeni, ukatuvuta tena, na usukani ukawa mwepesi mikononi kana kwamba magurudumu ya mbele hayagusi barabara. Nilishuka hadi kilomita 70 kwa saa na sikupanda tena usiku ule. Wakati wa kurudi niliingia kwenye mizani ya malori iliyoko kituo cha mafuta, nikalipa, nikapima. Tulikuwa tumezidi kilo 140. Bado nawaza wale watoto waliolala kiti cha nyuma.

Msomaji wa Tanzania atashangaa hapa, maana kwetu lori halitoki Dar es Salaam kwenda Morogoro bila kupita mizani ya Vigwaza. Marekani nayo hupima malori ya biashara. Karavani ya familia, katika majimbo mengi, hupita hapo bila kusimamishwa.

Hata majina ya saizi yanapotosha. Pikapu ndogo kati ya zile kubwa, kama F-150, Ram 1500 na Silverado 1500, huitwa nusu tani. Zamani jina hilo lilimaanisha mzigo wa pauni 1,000, yaani kilo 454. Leo nyingi hubeba kati ya kilo 600 na 900, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mapambo: paa la kioo, viti vya umeme na magurudumu makubwa yote yana uzito, nao hukatwa kwenye stika. Ndiyo maana gari la bei ya chini mara nyingi hubeba zaidi ya ndugu yake wa kifahari aliyeegeshwa kando yake. F-150 yenyewe ilizaliwa 1975 ikiwa nusu tani iliyotiwa uzito makusudi, ili ivuke kiwango ambacho sheria ya moshi ya wakati ule iliishia kubana. Kwa hiyo usinunue jina. Na maneno "linavutwa na nusu tani" yaliyobandikwa ubavuni mwa tela ni ya matangazo tu. Vivyo hivyo uzito mkavu wa tela, ambao hauhesabu maji wala vyombo. Tangi la lita 190 likijaa ni kilo 190 zaidi.

Juu ya nusu tani kuna robo tatu, yaani F-250 na Ram 2500, kisha tani moja, ambayo wakati mwingine huwa na matairi mawili kila upande wa nyuma. Wengi hurukia robo tatu ya dizeli. Mimi siwashauri haraka. Injini ya dizeli ya Cummins iliyomo kwenye Ram ina uzito wa karibu nusu tani, huongeza karibu dola 10,000 kwenye bei, na uzito unaozidi ule wa injini ya petroli hukatwa kwenye stika ileile. Kwa tela la tani tatu na nusu, robo tatu ya petroli hutosha na hubeba zaidi. Dizeli ina haki yake kwa anayepanda milima kila wiki, kwa nguvu yake na kwa breki ya moshi inayoshikilia gari wakati wa kuteremka.

Tani moja ni gari la kazi. Karavani mpya hutoka Elkhart zikivutwa na pikapu za madereva wanaolipwa kwa maili, na ndugu zetu kutoka Kenya, Kongo na Burundi walioingia kwenye udereva wanapaswa kujua mpaka uliopo: gari na tela vikizidi kwa pamoja pauni 26,000, na tela peke yake likizidi pauni 10,000, kwa kazi ya kulipwa unahitaji leseni ya udereva wa biashara.

Wengi nyumbani huniuliza kwa nini nisitumie Hilux, ambayo katika masoko mengi imeruhusiwa kuvuta kilo 3,500. Haiuzwi Marekani tangu 1995, na malori madogo yanayoagizwa kutoka nje hutozwa ushuru wa asilimia 25 ulioanza 1964, kisasi cha ugomvi wa kuku na Ulaya. Ulaya nako gari dogo huvuta karavani bila shida, lakini karavani hizo ni nyepesi na mwendo ni wa pole. Ujerumani ni kilomita 80 kwa saa, au 100 kwa zilizoidhinishwa. Wamarekani huvuta kwa kasi ya juu zaidi, nyumba ndefu na nzito zaidi. Pikapu za umeme nazo bado hazijajibu swali hili: ukifunga tela kubwa, umbali wa chaji moja hupungua kwa nusu au zaidi.

Ushauri wangu kwa mwenye gari tayari ni kuanza na stika, kutoa familia, kutoa kulabu, na kugawa kinachobaki kwa 0.13. Jibu ni uzito wa juu wa tela lako, na bado hujaweka mizigo. Hesabu hiyo imechelewesha ununuzi wa wengi, nami naona heri ichelewe.

Sisi tuliuza tela, tukabaki na gari. Tela jipya lina uzito wa juu wa kilo 2,300, vitanda vyake ni vyembamba na bafu lake ni dogo. Ulimi ni kilo 299. Ukijumlisha watu watano na kulabu, zinabaki kilo 81, na kabla ya kila safari mke wangu huweka mizani ya bafuni mlangoni, watoto wanapanga foleni na mabegi yao.